Ushauri wa soko kwa mkulima na mjasiriamali wa kijijini: umwendee nani kwanza?

Mkulima wa Tanzania hakosi watu wa kumfundisha kulima. Nafasi ya miche, kiasi cha mbolea, dawa ya kantangaze, yule mdudu wa nyanya: haya utayapata kwa bwana shamba, kwa muuza pembejeo, redioni na hata kwa jirani. Pengo liko kwingine. Nani atakuambia, kabla hujapiga jembe la kwanza, kwamba zao hili lina mnunuzi, analitaka la aina gani, mwezi gani, na hulipa kwa utaratibu upi?

Wakulima wa mbaazi waliumizwa na pengo hilo mwaka 2017. Agosti ya mwaka huo India, mnunuzi mkuu wa mbaazi zetu, iliweka ukomo wa kiasi kinachoruhusiwa kuingia nchini mwake. Bei ikaporomoka hadi shilingi mia kadhaa kwa kilo, na wapo ambao hawakupata mnunuzi kabisa. Kinachouma ni kwamba dalili zilikuwepo. Serikali ya India ilikuwa imewapandishia wakulima wake bei ya kununulia jamii ya kunde ili walime zaidi, nao wakaitikia, na mavuno yao ya 2016/2017 yakawa makubwa kupita kawaida. Wafanyabiashara wakubwa walizijua habari hizo. Kwa mkulima wa Babati au Nachingwea zilifika mbaazi zikiwa tayari shambani.

Siku hizi huduma zinazoahidi kuziba pengo hilo zimekuwa nyingi: za serikali, za ushirika, za jumuiya za wakulima, za kampuni, za simu. Kila moja ina kazi inayoiweza na isiyoiweza. Nimezipanga hapa kwa kufuata aina ya mkulima na uamuzi alio nao mkononi, maana mshauri anayemfaa mtu wa nyanya za Ilula anaweza asimfae kabisa mtu wa ufuta wa Lindi.

Kwanza uliza nani anamlipa

Swali hili lina uzito kuliko elimu ya mshauri. Afisa ugani, yaani bwana shamba, analipwa mshahara na serikali kupitia halmashauri. Uuze usiuze, mshahara wake uko palepale. Hana sababu ya kukudanganya, ila pia hana kinachomsukuma kukufuatilia hadi hela iingie mfukoni mwako. Mshauri wa kampuni inayonunua mazao analipwa na mnunuzi, na mnunuzi hupata faida kwa kununua nafuu. Muuza miche atakupa hesabu tamu ya soko la nje, kwa sababu faida yake inapatikana siku unayonunua mche, wala si siku unayouza tunda. Mradi wa wafadhili una wataalamu wazuri na gari la kukufikia, lakini una tarehe ya kufungwa. Dalali analipwa kwa kamisheni: anajua soko kuliko wote hao, na anakwambia lile linalomfaa yeye siku hiyo.

Sisemi yeyote kati yao ni mtu mbaya. Nasema upokee ushauri wa kila mmoja ukijua ameegemea wapi, na lile asiloweza kukwambia ulitafute kwa mwingine.

Mboga na matunda ya muda mfupi: bwana shamba au kampuni ya mkataba?

Nyanya, vitunguu, hoho, kabichi: haya ni mazao ambayo bei yake inaweza kubadilika ndani ya wiki moja, na hayasubiri. Uamuzi mkubwa hapa ni lini upande na aina gani ya mbegu, na uamuzi huo unafanyika miezi kadhaa kabla ya kuuza.

Kwa mazao haya, njia ninayoiamini kuliko zote ni ile inayoitwa SHEP. Ilianzia Kenya mwaka 2006, Wizara ya Kilimo ya huko ikishirikiana na shirika la maendeleo la Japani, JICA. Baadaye ikasambaa nchi nyingine za Afrika, na hapa kwetu ilianza mwaka 2019 kwa jina la TANSHEP katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Tanga. Wazo lake ni jepesi: acha kulima halafu kuhangaika na soko; lima kile ulichokwisha kukikuta kinatafutwa sokoni. Uzuri ni kwamba wanaolikagua soko ni wakulima wenyewe. Kikundi huchagua wawakilishi, wanawake na wanaume, wanakwenda sokoni na karatasi ya maswali. Wanawauliza wafanyabiashara: mnataka nyanya ya umbo gani? Ngumu ya kuvumilia safari, au laini? Mnafungasha kwenye tenga au kreti? Miezi gani mzigo unakuwa haba? Mnalipa taslimu au baada ya kuuza? Wakirudi wanawasimulia wenzao, kikundi kinachagua zao, na kalenda inapangwa kwa kuhesabu nyuma kuanzia mwezi wa kuuza.

Hesabu ya kurudi nyuma ndiyo wengi tunairuka. Nyanya hukaa kitaluni kama wiki nne, kisha huchukua miezi miwili na nusu hadi mitatu shambani kabla ya kuanza kuchumwa, kutegemea mbegu na baridi ya eneo. Aliyegundua kwamba Desemba nyanya zinakuwa haba sokoni, mbegu yake inatakiwa iwe kitaluni Agosti. Anayesubiri kuona bei imepanda ndipo apande, atavuna pamoja na wote walioona bei ileile.

Jambo jingine ninalolipenda ni kwamba mume na mke hufundishwa pamoja kama washirika wa biashara ya shamba. Kwenye kaya nyingi mama ndiye anayepanda na kupalilia, baba ndiye anayepokea simu ya dalali. Ushauri wa soko unaomfikia mmoja tu huishia nusu njia.

Udhaifu wa njia hii uko kwa anayetakiwa kuiendesha. Afisa ugani mmoja anahudumia vijiji kadhaa. Aprili 2022 serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani nchini, na usafiri kweli ni nusu ya kazi, lakini wengi wao walisomea kilimo, hawakusomea biashara. Ukimkuta asiyeijua njia hii, usimwache. Mwombeni awaandikie barua ya utambulisho na aende nanyi sokoni. Maswali mnaweza kuyaandaa wenyewe, na nauli ya watu watatu kwenda soko la Mabibo, Dar es Salaam, au la Kilombero, Arusha, haifiki hasara ya mzigo mmoja uliooza.

Kampuni ya mkataba inakuja na kitu tofauti. Inakupa mbegu na pembejeo kwa mkopo, mtaalamu wa shambani, na ahadi ya kununua. Kwa mtu asiye na mtaji, hilo ni jambo kubwa, na ushauri wa mtaalamu wao mara nyingi ni makini kuliko wa afisa ugani kwa sababu wanalijua zao hilo moja kwa undani. Tofauti ni hii: kampuni haikushauri ulime nini. Imekwisha kuamua. Mkataba mzuri utakupunguzia hofu ya bei kushuka, na pia utakufunga siku bei ya mitaani ikipanda.

Kwa hiyo usomwe wote, kwa Kiswahili, kabla ya kutia dole gumba. Tazama bei imeandikwaje: ni shilingi kamili, au ni "bei ya soko ya siku hiyo"? Nani anapanga madaraja, na kilichokataliwa ni cha nani? Mizani ni ya nani na imehakikiwa na Wakala wa Vipimo? Malipo ni baada ya siku ngapi? Ikiwa mvua imekosekana na mavuno hayakufikia, mkopo wa pembejeo unabebwa na nani? Kampuni ambayo mtaalamu wake hawezi kuyajibu haya mbele ya kikundi haijaja kushauri.

Uamuzi wangu kwa mazao haya: kama mna maji ya uhakika na mko karibu na barabara ya lami, anzeni na ukaguzi wa soko pamoja na bwana shamba. Kama mko mbali na barabara, au zao ni la kiwandani kama shayiri, mkataba una nafuu, mradi mwingie kama kikundi na si mmoja mmoja.

Korosho, ufuta, mbaazi: ushirika au mnunuzi wa nyumbani

Huku kusini swali lina sura nyingine, kwa sababu kwa mazao haya njia ya kuuzia imepangwa na serikali. Mkulima hupeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, unapimwa, unapelekwa ghala kuu, kisha chama kikuu, kama TANECU, MAMCU au RUNALI, kinauza kwa mnada. Sheria ya stakabadhi za maghala ilipitishwa mwaka 2005, na korosho ziliingia kwenye mfumo msimu wa 2007/2008. Sasa minada mingi inaendeshwa kwa njia ya mtandao na Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, lililoanzishwa mwaka 2014.

Mbadala wake ni kangomba kwenye korosho na chomachoma kwenye ufuta: mtu anakuja nyumbani, analipa leo, kwa bei ya chini na kipimo chake mwenyewe, na mara nyingi alikwisha kukukopesha hela ya chakula tangu kipindi cha palizi. Ni kinyume cha taratibu. Lakini lazima tuseme ukweli kuhusu kwa nini biashara hii inadumu: inatatua shida ya leo, na ushirika unalipa kesho.

Kama mshauri wa bei, mnada una faida ambayo hakuna dalali anayeweza kuitoa. Bei ni ya wazi, inatangazwa, na mkulima ana haki ya kuikataa. Msimu wa 2017/2018 bei za korosho mnadani zilifika karibu shilingi 4,000 kwa kilo. Mwaka uliofuata, Oktoba 2018, zilirudi chini ya 3,000, na wakulima wakazikataa. Novemba serikali ikaingia kati, ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300, na jeshi likapewa kazi ya kuzikusanya. Uhakiki wa nani ni mkulima na nani ni mtu wa kangomba ukachelewesha malipo ya wengi. Katika misimu hiyo miwili unauona mfumo mzima: unakupa bei nzuri pale wanunuzi wanaposhindana, na unakuacha bila kauli pale uamuzi unapohamia ngazi za juu.

Wasichokupa AMCOS wengi ni ushauri wenyewe. Katibu atakueleza siku ya mnada na makato. Ni nadra akueleze kwamba Vietnam na India ndiko korosho ghafi zinakokwenda na kwamba hali ya huko ndiyo itakayoamua mnada wa Tandahimba. Hili linaweza kudaiwa. Sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 2013 inampa mwanachama mkutano mkuu, na mkutano mkuu si wa kupitisha hesabu tu. Ombeni bodi imwite mtu wa TMX au wa bodi ya zao aeleze hali ya soko la dunia kabla ya msimu, na makato yasomwe moja baada ya jingine: ushuru wa halmashauri, wa ushirika, usafirishaji, magunia, ghala.

Ushauri wa kweli kwa mkulima anayejikuta anauza kangomba kila mwaka hauhusu bei kabisa. Unahusu hela ya miezi ya njaa. Kikundi cha kuweka na kukopa, kile tunachokiita vikoba, kitamkomboa kuliko matangazo kumi ya bei. Mshauri asiyegusa suala hilo hajaelewa kwa nini korosho zinauzwa zikiwa bado mtini.

Bei kwa simu: ni taarifa, bado si ushauri

Huduma za simu ni za bei nafuu na zinafika mbali. Wizara ya Kilimo ina M-Kilimo, unayoipata kwa simu yoyote, hata ya kitochi, kupitia *152*00#. Mkulima husajiliwa, anaweza kuuliza afisa ugani na kutangaza mazao yake. Wizara ya Viwanda na Biashara nayo hutoa bei za jumla za mazao makuu ya chakula katika masoko ya mikoa, kwa gunia la kilo 100. Juu ya hayo kuna makundi ya WhatsApp ya wakulima, ambayo kwa kasi hakuna ofisi inayoyafikia, na kwa uongo pia, kwa sababu mwenye mzigo ghalani ana sababu ya kutangaza bei ya juu na mnunuzi ana sababu ya kutangaza ya chini.

Tatizo la bei ya simu ni kwamba ni bei ya mahali pengine. Chukua vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, kwa tarakimu za mfano tu. Simu inasema gunia la kilo 100 Dar es Salaam ni shilingi 120,000. Nauli 10,000. Gunia na kamba 2,000. Kupakia na kushusha 2,000. Ushuru 2,400. Kamisheni ya dalali 5,000. Kilo nane zimenyauka au kuoza njiani, hiyo ni 9,600. Jumla ya gharama ni 31,000, unabaki na 89,000. Mnunuzi aliyekuja shambani na 90,000 taslimu anaonekana mkombozi.

Lakini tazama gunia lake. Kama ni lumbesa, limevimba juu hadi kilo 120, basi 90,000 yake ni shilingi 750 kwa kilo, wakati wewe ukienda Dar unabaki na 890. Kwa kila kilo mia umepoteza shilingi 14,000 huku ukidhani umepata faida ya elfu moja. Lumbesa imekatazwa kisheria, na bado inapakiwa mchana kweupe. Ushauri wa soko usioanza na mizani haukamiliki. Kikundi kikichanga kikanunua mizani moja na kuipeleka ikahakikiwe, kimepata mshauri wa kudumu.

Kwenye ushuru, ujue haki yako. Tangu bajeti ya 2017/2018 serikali ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na kuwaondolea wanaosafirisha mzigo usiozidi tani moja. Kabla ya kupakia, mwulize afisa biashara wa halmashauri utaratibu wa sasa, uondoke na risiti ya mashine.

Na bei nzuri ya ng'ambo ya mpaka inaweza isiwe na maana yoyote. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Siku chache baadaye ikafungua kwa masharti, likiwamo cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Waliokuwa wameanika kwenye turubai na kuhifadhi mahindi yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5 walikuwa na cha kujitetea. Kwa hiyo simu ikikwambia Nairobi mahindi yamepanda, swali linalofuata ni kama mahindi yako yana sifa za kuvuka Namanga. Simu haitakuuliza hilo.

Nafasi ya simu, kwa maoni yangu, ni ya kujadiliana. Anayejua bei ya jumla ya wiki hii huongea na mnunuzi kwa sauti tofauti. Uamuzi wa nini cha kupanda usiufanye kwa ujumbe wa simu.

Parachichi na mazao ya nje: TAHA, mnunuzi, au mwenye kitalu?

Hapa kosa la ushauri hukaa shambani miaka mingi. Mche uliobebeshwa wa Hass, aina ya parachichi inayouzwa nje, huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, kwa hiyo anayepanda leo Njombe, Rungwe au Siha anabashiri soko la miaka mitatu mbele na zaidi. Makubaliano ya kupeleka parachichi China yalisainiwa Novemba 2022, na tangu hapo miche imeuzwa kwa kasi na kwa ahadi kubwa. Ahadi hizo nyingi hutoka kwa mwenye kitalu. Ushauri wake kuhusu mche uchukue. Kuhusu soko, mtafute mwingine.

TAHA, jumuiya ya wadau wa mboga, matunda, maua na viungo yenye makao yake Arusha, ilianzishwa mwaka 2004. Faida yake ni kwamba inaona mnyororo mzima: shamba, jokofu, uwanja wa ndege, bandari, masharti ya nchi zinazonunua. Atakayekueleza tofauti ya soko la Ulaya na la Uarabuni kwa masalia ya dawa, au jinsi kikundi kinavyopata cheti cha kilimo bora cha GLOBALG.A.P. kwa pamoja ili gharama igawanyike, ni mtu wa aina hii. Udhaifu wake ni kwamba mkulima wa robo ekari aliye peke yake hawezi kufaidika sana. Huduma hizi zimejengwa kwa vikundi na kwa watu walio tayari kuandika kila dawa waliyopuliza na tarehe yake.

Mnunuzi anayesafirisha nje naye ni mshauri mzuri katika jambo moja: ukomavu wa tunda. Yeye hupima kiasi cha kitu kikavu kwenye nyama ya parachichi, kwa sababu tunda lililochumwa changa halitaiva, litanyauka na kuwa kama mpira, na kontena zima litakataliwa. Mabroka wanaozunguka mapema na kuchuma changa wanaharibu jina la nchi nzima, na mkulima anayewauzia anapokea hela ndogo mapema kwa gharama ya msimu wa jirani zake. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu soko likifungwa halibagui aliyekosea na asiyekosea.

Ningekuwa na ekari moja Njombe ningefanya hivi: kikundi kwanza, TAHA au ofisi ya kilimo ya wilaya kwa masharti ya soko, wanunuzi wawili kwa bei na ukomavu, na mwenye kitalu mwisho, kwa ajili ya mche tu.

Msindikaji wa kijijini: SIDO au mtaalamu wa kulipwa?

Mama anayesaga unga wa lishe Singida, vijana wanaokamua alizeti, mfuga nyuki wa Sikonge: hawa hawatafuti bei ya gunia. Wanatafuta rafu ya dukani. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ipo tangu mwaka 1973 na ina ofisi mikoani. Hufundisha usindikaji, ufungashaji na hesabu, huwapeleka wajasiriamali kwenye maonyesho, na hutoa barua ya utambulisho inayomsaidia mjasiriamali mdogo kupata unafuu anapokwenda TBS, Shirika la Viwango, kutafuta alama ya ubora. Tangu 2019 TBS ndiyo inayoshughulikia pia usajili wa majengo na bidhaa za chakula, kazi iliyokuwa ya TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, kwa hiyo anayekuelekeza bado TFDA ana habari za zamani. Kwa msimbo wa mistari kwenye pakiti kuna GS1 Tanzania. Bidhaa zetu huanza na 620.

Mtaalamu binafsi ana haraka ambayo ofisi haina. Atakuandalia lebo, usajili wa jina la biashara BRELA na andiko la mkopo kwa wiki chache. Mlipe kwa kazi iliyokamilika, iliyoandikwa, kila hatua na bei yake. Anayetaka asilimia ya mkopo utakaoupata msimamishe hapohapo, kwa sababu faida yake ni mkopo kuwa mkubwa, hata kama biashara yako haiuhimili. Andiko la mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu uliosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024, afisa maendeleo ya jamii wa kata anawajibika kuwasaidia bure.

Wote wawili, SIDO na mtaalamu, huwa wanaruka swali moja: duka litakulipa lini? Maduka makubwa mengi huchukua bidhaa kwa mali kauli, yaani duka likiuza ndipo ulipwe, na hela inaweza kukaa mwezi na zaidi. Mwenye mtaji wa magunia mawili ya mahindi akipeleka mzigo wote huko, mashine itasimama. Nusu iuze taslimu kwenye gulio, shuleni, zahanati na maduka ya mtaani, hata kama bei ni ya chini kidogo.

Kuna na washauri wa mitandaoni wanaouza hesabu za "ekari moja, milioni kumi". Mwaka 2013 na 2014 watu Kenya na hapa walishawishiwa kufuga kware kwa hesabu za namna hiyo. Walioingia mwanzo waliuza vifaranga kwa walioingia baadaye, kisha bei ya mayai ikaanguka kwa sababu walaji hawakuwepo. Mshauri anayetaja mavuno na bei bila kumtaja mlaji, mkimbie.

MVIWATA, na nguvu ya kuwa wengi

Mtandao huu wa vikundi vya wakulima ulianza mwaka 1993, makao yake Morogoro, na umeshiriki kuanzisha masoko ya vijijini kama Nyandira na Tawa kwenye milima ya Uluguru, na lile la nafaka Kibaigwa. Hawatakupa jedwali la bei wala mkopo wa mbolea. Wanakupa wenzako, na soko lililo karibu ambako mnunuzi anakufuata wewe, mizani ipo na bei inasikika na kila mtu. Nimeuacha mwishoni kwa sababu karibu kila huduma niliyoitaja hapo juu humsikiliza mkulima mmoja nusu sikio. Barua ya kikundi hujibiwa, mzigo wa Fuso nzima hupata bei ambayo magunia matatu hayapati, na mkataba uliojadiliwa na watu thelathini hurekebishwa.

Kama unaanzia sifuri na msimu uko mbele, fanya kwa mpangilio huu: watu kumi hadi kumi na tano mnaoaminiana, mizani, barua ya afisa ugani, wawakilishi watatu, angalau mmoja mwanamke, waende soko mnalotaka kuuzia siku ya gulio kubwa na wazungumze na wanunuzi watano wasiojuana. Warudi na namba zao, aina wanayoitaka, na mwezi wanaokosa mzigo. Siku ya kikao hicho mwiteni na mwenye duka la pembejeo, asikilize kwanza, kisha ndipo aulizwe kuhusu mbegu.